Kandida wetu wa Goma alipata kura mingi, mbona mwenye alipata kidogo njo depite (mbunge)?

MtotoWaBirere:
Jambo bote. Naomba mutu mwenye anajua hizi mambo za CENI, tume ya uchaguzi ya Congo yetu, anielezee polepole juu kichwa iko inaniuma. Juzi usiku baliposoma majina ya badepite ba uchaguzi wa 2023 tulikuwa macho, simu mkononi, mega zinaisha, tunangojea tu Nord-Kivu ifike. Ikafika Goma, kandida wetu hayuko. Sawa, kushindwa kuko, hatukatae. Lakini kwa hesabu ya maPV (karatasi za matokeo ya kila biro) yenye batemwe (mashahidi ba parti) balileta alikuwa mbele ya mmoja wa wale balipita, tena mbele sana, na ule mwingine njo anaenda Kinshasa. Inakuwaje mutu anapita na kura kidogo kuliko mwenye anabaki?
Na ya pili, teritware za Masisi na Rutshuru hazikusomwa hata kidogo. Tantine wangu wa Rutshuru eko kambi ya bakimbizi ya Kanyaruchinya chini ya shiti, ananiuliza depite wao ni nani, nikakosa jibu.

Mzee_Katindo:
Mdogo wangu, kura ya depite si kama ya président. Ya président, mwenye kura mingi amepita, kwisha, Félix Tshisekedi 73%, Katumbi 18%, unaona mwenyewe. Ya depite wanaangalia lisiti (bakandida bote ba parti ao muungano moja) kwanza, mutu nyuma. Usipoelewa hiyo utagombana na CENI kila myaka tano.

Kwanza kuko kizingiti. Parti au muungano lazima ifikishe 1% ya kura za inchi YOTE, si za Goma. Kwa uchaguzi huu wa 2023 ni karibu kura 180,000. Parti na muungano 44 tu njo zilivuka. Kama lisiti ya kandida wako haikuvuka, hata angekuwa wa kwanza Goma muzima hawamuhesabie, kura zake zimekufa pale pale. Uliza hiyo mbele ya yote.

Kama ilivuka, kuko sasa bei ya kiti. Nakupa mfano wa kubuni. Jimbo iko na viti 5, na lisiti zenye zilivuka ziko na kura 100,000, basi kiti kimoja ni 20,000. Lisiti A ina 46,000: inanunua viti 2, inabakia 6,000. B ina 25,000: kiti 1, inabakia 5,000. C ina 15,000 na D ina 14,000, hazitoshe kununua kitu. Vimetoka viti 3, vinabaki 2. Hivyo viwili wanapatia wenye mabaki makubwa, na mabaki makubwa ni ya C na D! Unaona? A na 46,000 yake inabaki na badepite 2, D na 14,000 inapata 1. Sasa ndani ya A kuko mutu wa tatu mwenye alipata 9,000 yake peke yake, analala inje. Na wa kwanza wa D alipata 5,000, eko anashona costume.

Iko tu kwenye loi (sheria), si uchawi. Ni mahali penye kiti ni kimoja tu njo mwenye kura mingi anakamata moja kwa moja.

Munyabukavu:
Yaya Katindo umeeleza muzuri, naongeza hii. Ile loi ya 2022 inaomba parti iweke bakandida kwa 60% ya viti, unafikiri kaparti ka mtaa katatoa bakandida bote hao wapi? Njo maana bote banakimbilia ndani ya muungano ya bakubwa. Huku kwetu Sud-Kivu unakuta mutu hapendi Kamerhe, hapendi Bahati, lakini kandida wa quartier yake eko ndani ya A/A-UNC (muungano ya Kamerhe) ao AFDC-A (ya Bahati), anapiga kura juu ya mtoto wa jirani, kumbe kura inajaza gunia ya mukubwa. Kisha tunashangaa Union sacrée, kambi ya Félix, imejaa Palais du Peuple (bunge), UDPS, parti yake, yenyewe viti 69, na ingine yote ni muungano za pembeni zenye zinaimba wimbo moja. Mi kwa kichwa yangu hiyo loi ilishonwa kwa kipimo ya benye walikuwa wanaishona.

Kasoko_Butembo:
Juu ya Masisi na Rutshuru: kule hata kuandikisha watu hawakuandikisha sababu ya vita ya baasi ba M23. Kwamouth ya Mai-Ndombe pia, huko ni wanamgambo ba Mobondo. Kwa viti 500 waliweka 16 pembeni juu ya hizo teritware tatu. Zikabaki 484, halafu wakafuta kura za Masimanimba na Yakoma sababu ya fujo na wizi, hizo zingine viti 7, njo unasikia wametaja badepite 477. Kwa hiyo tantine asitafute jina, haiko.
Sisi huku tulishaionja. 2018 walisema Beni na Butembo kuko Ebola na usalama kidogo, wakatutoa kwa kura ya président, watu ya Beni wakajipangia kura yao ya mfano na makaratasi. Félix akaapa 24 janvier 2019, sisi tukachagua badepite 31 mars. Tulichelewa lakini tulichagua. Wa Masisi na Rutshuru hata tarehe hawana, na njo wenye wako na shida ya kupeleka Kinshasa kushinda sisi bote.

BilaKupinda:
Hesabu hesabu... na ile ya mashini mulisahau? CENI yenyewe, 5 janvier, ilifuta bakandida 82 juu ya udanganyifu, wengine walikutwa na mashini za kura ndani ya nyumba. Nyumba!! 82 ni wenye walikamatwa, wenye hawakukamatwa unawaweka kwa mabaki gani, mzee?

Mzee_Katindo:
BilaKupinda hapo sikupingi. Lakini mtoto aliuliza namna gani mwenye kura kidogo anapita, na hiyo inawezekana hata bila mwizi. Kama kuko mwizi, inaomba PV.

MtotoWaBirere:
Aksanti sana bakubwa. Nimeuliza, lisiti yetu ilivuka kizingiti, kumbe ni mambo ya mabaki. Lakini hata hivyo hesabu ya biro zingine hailingane na yenye CENI ilisoma, batemwe wako na kopi. Mimi kama mpiga kura naweza kupeleka malalamiko?

Mzee_Katindo:
Wewe hapana. Ni parti ao muungano njo inashtaki, ao kandida mwenyewe kama alisimama independant. Ya badepite ba taifa inaenda Cour constitutionnelle (mahakama ya katiba), Kinshasa, usiende kupoteza siku kwa Cour d'appel (mahakama ya rufaa) hapa, ile ni ya badepite ba province. Na ni siku 8 tu toka matokeo yatangazwe, kisha Cour iko na miezi 2 ya kuamua. Mukusanye kopi zenye ziko na sinyatire, picha za simu zenye hazisomeke muache.

MtotoWaBirere:
Siku 8!! Na mutu wa muungano yetu hapa Goma, toka juzi simu yake iko inalia tu. Niko natoka sasa hivi kwenda kwake Himbi.