MJADALA: Kujifunza msamiati wa Kiingereza kwa kupitia Kiitaliano, tuunge mkono au tuache?

Mtoa mada
Ndugu zangu, tuuchambue huu bila matusi.

Huku Malindi na Watamu wapo vijana walioshika Kiitaliano ufukweni kabla Kiingereza chao hakijakomaa. Waitaliano tumekaa nao tangu miaka ya 1960, roketi zilipoanza kurushwa kutoka kituo chao cha San Marco pale Ngomeni, na hoteli zikaja kuongezeka baadaye. Kijana wa aina hiyo akitaka kukuza Kiingereza, anapewa daftari la safu tatu: neno la Kiingereza, visawe vyake, kisha neno la Kiitaliano. Anakariri. Je, njia hii inafaa?

Mimi naikubali nusu. Safu ya Kiitaliano ibaki. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilishika mahakama na majumba ya wakubwa, na wasomi wakaja kumimina Kilatini juu yake. Ndiyo maana Kiingereza kina "begin" ya mtaani na "commence" ya ofisini, "freedom" na pembeni yake "liberty". Anayejua "cominciare" na "libertà" ameshavuka. Yaani maneno yanayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari ndiyo mepesi kwa muuza vinyago! Shida yake iko kwenye vineno vifupi. Mgeni akisema hawezi "tolerate" (kuvumilia) kelele, kijana anaelewa kwa sababu ya "tollerare". Akisema hawezi "put up with" kelele zilezile, basi tena.

Safu ya visawe ndiyo ninayoipinga. Watafiti Tinkham mwaka 1993 na Waring mwaka 1997 walijaribu kufundisha maneno mapya ya kundi moja la maana kwa pamoja, wakaona yanachelewa kukaa kichwani kuliko maneno yasiyohusiana. Halafu visawe havilingani. Mwambie mgeni yeye ni "slim", yaani mwembamba wa kupendeza, atatabasamu. Mwambie "skinny", yaani amekonda mno, na bakshishi sahau.

Mwanapwani
Mtoa mada, mbona mitego umeiruka? "Parents" ni baba na mama tu, "parenti" ni jamaa wote mpaka shangazi. "Library" ni maktaba, "libreria" ni duka la vitabu. Mteja anaomba kinywaji "cold", akili ya kijana inakimbilia "caldo", anamletea cha moto. Na huyo atakayemhakikishia Mwitaliano kwamba juisi haina "preservativo" ajue ametaja kondomu. Mimi nasema njia hii ni hatari, nukta.

Mama wa Brescia
Huku Italia watoto wanaanza Kiingereza darasa la kwanza la msingi. Wangu hukosea "actually" kila siku, wanadhani ni "attualmente", yaani kwa sasa. Lakini barua za shule za Kiingereza wanazisoma vizuri kunishinda mimi niliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Kwa hiyo Mwanapwani, hatari ipo ila faida nimeiona kwa macho.

Fundi Kamusi
Wakuu, kwa nini Kiswahili kikae nje? Kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili ipo tangu 1996. Mtu aelewe neno kwa lugha anayoiota usiku. Hicho Kiitaliano chenyewe wengi wamekiokota kwa kuuza mikufu. Wakijengea Kiingereza juu ya msingi nusu, watapata nusu ya nusu.

Mtoa mada
Mama wa Brescia, ahsante, hilo ndilo nililotaka kusikia kutoka kwa anayeishi nalo.

Mwanapwani, mitego inahesabika. Ipewe ukurasa wake, isomwe mwanzo kabisa, kazi iendelee. Hatufungi barabara nzima kwa mashimo kumi.

Fundi, hapo umenigusa, na maana nakubali ielezwe kwa Kiswahili. Ila "uhuru" hautamkumbusha mtu umbo la "liberty", wala tahajia yake. "Libertà" inafanya hivyo. Mimi ningeandika daftari hivi: neno la Kiingereza, sentensi moja ya kazini kwake, maana kwa Kiswahili, na Kiitaliano pale tu maneno yanapofanana. Kisawe kisubiri mpaka neno la kwanza limezoeleka mdomoni.

Sasa wewe unayetetea kamusi, niambie: "put up with" utamfundishaje huyu kijana kwa Kiswahili peke yake, bila sentensi?