Mbwa aliyeuma mtu afungiwe siku ngapi?

Swali: Wakuu, mbwa mwenye cheti cha chanjo akimuuma mtu, bado afungiwe? Na kwa nini siku 10?

Jibu: Afungiwe, cheti au bila cheti. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili. Akifika siku ya 10 tangu aume akiwa mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Paka vivyo hivyo. Mlishaji awe mmoja, bakuli lisukumwe kwa fimbo. Msimchanje humo katikati. Homa ya chanjo huchanganya dalili.

Jibu: Naongezea: mtazameni anavyokunywa. Taya likilegea, mate yakining'inia, sauti ikikwaruza, mwiteni daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wanamtia mkono mdomoni. Jamani, msithubutu!

Swali: Akifa siku ya sita?

Jibu: Kichwa kipoozwe kwa barafu, kisigandishwe. Kinachopimwa ni ubongo, ndiyo maana tunakataza kumpiga kichwani.

Jibu: Na aliyeumwa asisubiri hizo siku 10! Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende kuanza chanjo leo. Mbwa akitoka salama, daktari anaweza kuisitisha.