Muuza samaki aliyeniambia "kama humtaki mkaange", Mungu anakuona

Wakuu salaam. Naandika nikiwa kwenye daladala natoka mjini kwenda Igoma, nimepakata kindoo kina samaki ndani, konda anataka nauli mbili anadai ndoo imekaa siti, mikono inanitetemeka kwa hasira kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Simtaji jina. Wa Mwanza tunaofuga samaki wa mapambo tunahesabika na wote mnamjua. Yule wa kapelo, "boss wangu" kila baada ya maneno mawili, yule ambaye samaki wote dukani kwake wametoka Kigoma jana. Hata goldifishi katoka Kigoma jana.

Huyo mtu leo kaniambia mbele za watu, "boss wangu, samaki ni samaki, kama humtaki mkaange." MKAANGE. Samaki wa elfu tisini!

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa pili nilimwambia nataka gogogo, yule jamii ya kambale mwenye miiba, ila wa Ziwa Tanganyika kule Kigoma, yule anaitwa multipunctatus, sio gogogo wetu wa hapa anayenasa kwenye nyavu na kuwachoma watu vidole. Kwa msiomjua, huyo samaki ni tapeli wa kuzaliwa. Samaki wanaobeba mayai mdomoni wakiwa wanataga, yeye anapita katikati anadondosha ya kwake, mama wa watu anaokota yote anabeba, vitoto vya gogogo vinatangulia kutotoka halafu vinawala watoto wa mwenye nyumba humohumo mdomoni. Mimi kwenye kioo changu cha kufugia nina furu, vile visamaki vya Ziwa Victoria ambavyo navyo vinabeba mayai mdomoni, nilitaka niione hiyo sinema kwa macho yangu. Nimekaa miezi mitano nachungulia usiku na tochi kama mlinzi wa godauni, hola.

Juzi kaja mjomba, kavua sana Kigoma enzi zake. Akainama kwenye kioo, kimyaa, halafu akauliza, "Huyu tumboni kapakwa na nani?"

Wakuu, tumbo lote madoa mpaka kooni! Multipunctatus wa kweli tumbo ni jeupe, madoa yanaishia ubavuni. Pezi lake la mgongoni ni jeusi tii lina ukingo mweupe, la huyu wangu limefifia kama kanga iliyofuliwa na jiki. Yule ana jicho kubwa kama kaona mgambo, huyu wangu anasinzia tu. Ni chotara. Kuna watu huko Ulaya Mashariki na Asia wanawadunga sindano za homoni, wanakamua mayai ya aina hii wanamwagia mbegu za aina ile, wakikua kidogo wanawekwa kwenye mifuko wanapewa jina la kifahari. Yaani natoka Mwanza, Kigoma ipo nchi hiihii, nauziwa gogogo wa Kigoma aliyepanda ndege kuliko mimi.

Leo nikambeba nikaenda kistaarabu, shikamoo nimetoa maana kanizidi umri. Dukani kuna mteja mmoja dada mzuri tu, na mtoto wa shule kashika kopo la chakula cha samaki. Namuonyesha tumbo, namuelekeza doa moja moja, jamaa hata kwenye ndoo hakuangalia, yuko kwenye simu, "kama humtaki mkaange". Dada akacheka. Yule mtoto akacheka. Nadhani hata samaki alicheka maana hawa gogogo ukiwashika wanatoa sauti kwa mwiba wao, kro kro kro, kwenye ndoo, muda uleule. Mkaange!

Nifanyeje wakuu?

Ngosha wa Buzuruga: Mkaange.

mama_kijiko: Weka nyanya chungu na bamia mkuu, gogogo bila bamia hanogi.

Siti ya Dirishani: Unaishi Mwanza, ziwa hilo hapo, unatoa elfu tisini kununua samaki usiyemla. Wewe na huyo muuzaji sioni tapeli ni nani. Mjomba wako tu ndo mwenye akili humo.

Mwalo Boy: Jina lenyewe si maana yake mwenye madoa mengi? Kakupa mengi zaidi mpaka ya tumboni, bonasi hiyo, unalalamika 😂😂

Kapezi: Mkuu pole, ila usikimbilie uchotara. Tumbo lenye madoa peke yake halitoshi. Tanganyika kuna gogogo wengine wawili, petricola na lucipinnis, tumbo lina madoa na ni samaki halali kabisa. Na hao wawili wenyewe walichanganywa miaka mingi, lucipinnis kapewa jina lake 2006 tu, kabla ya hapo wote dukani walikuwa petricola. Angalia mapezi, lucipinnis kwenye lile jeusi, chini pale linapoanzia, kuna kidirisha cheupe. Swali langu moja, wenzake kwenye tangi la dukani walikuwaje?

Mleta uzi: Kila mmoja na sura yake. Mmoja madoa makubwa kama vifungo vya koti, mwingine madoa yameungana kama ramani, mwingine yapo kichwani tu. Jamaa akasema chagua unayempenda boss wangu.

Kapezi: Aah basi ni chotara. Mzigo mmoja, umri mmoja, halafu hawafanani hata kwa dawa, hiyo ndo dalili kubwa kuliko tumbo. Umepigwa.

Mleta uzi: Si ndo nasema! Halafu ananiambia nimkaange!

Ngosha wa Buzuruga: Yule dada alicheka sana au kidogo?

Mleta uzi: Sana. Alishika ukuta.

Bwana Shamba Nyakato: Nyie mnalia na samaki mmoja. Mimi nilinunua vifaranga 500 vya kambale, nikaambiwa kambale mumi pyua. Wamefika ukubwa wa kiganja naona nyuma ya pezi la mgongo kuna kapezi kengine kadogo ka nyama. Kambale mumi hana hicho kitu, pezi lake linatambaa lenyewe mgongo mzima mpaka karibu na mkia. Mwenye pezi kubwa la nyama ni Heterobranchus, kambale wa aina nyingine. Hivyo vyangu ni katikati, kapezi nusu. Bwawa zima machotara, na niliapa nitazalisha mbegu humo.

mama_kijiko: Walikufa?

Bwana Shamba Nyakato: Hapana, walinenepa vizuri tu.

mama_kijiko: Uliwauza?

Bwana Shamba Nyakato: Wote.

mama_kijiko: Sasa hapa umekuja kulia nini baba?

Furu Mwekundu: Mleta uzi hao furu wako ni wa aina gani na uliwatoa wapi?

Mleta uzi: Nyererei. Wale waliopewa jina la Baba wa Taifa, dume jekundu mgongoni. Kijana mmoja alinivulia kwenye mawe huku huku kwenye ghuba, sio dukani, hawa ni orijino.

Furu Mwekundu: Kaa chini kwanza. Ghuba ya Mwanza maji yana tope. Furu jike anachagua dume kwa rangi, mwenzake wa nyererei ni furu mwingine anaitwa pundamilia, dume lake bluu. Maji yakiwa maangavu kama kule kisiwa cha Makobe kila mtu anaolewa kwao. Yakichafuka jike haoni nyekundu wala bluu, anaenda na aliyepo. Watafiti kina Seehausen waliandika haya tangu 1997, na waliyatoa hapahapa kwetu. Kwa hiyo gogogo chotara umemuweka na furu ambao inawezekana nao ni machotara. Nyumba nzima.

Mwalo Boy: 😂😂😂 familia ya kambale, baba ndevu mama ndevu

Mleta uzi: Mbona mnanivunja moyo jamani. Uzi ni wa muuza samaki.

Siti ya Dirishani: Tope la ghuba linaletwa na nani, tuanzie hapo. Mtaani kwetu mtaro wa maji machafu unaingia ziwani mchana kweupe mwaka wa ngapi huu.

Bwana Shamba Nyakato: Na sangara aliyepandikizwa miaka ya 50 akala furu kibao, huyo hamumuongelei, mnamuonea gogogo wa watu.

Ngosha wa Buzuruga: Sangara usimguse, kanisomesha.

Kapezi: Mleta uzi, samaki yuko wapi sa hivi?

Mleta uzi: Nimemrudisha kwenye kioo, nimuweke wapi tena. Kajificha chini ya kile chungu kilichovunjika, kalala chali kama kawaida yake. Nimempa dagaa kidogo wa kusaga, kala.

mama_kijiko: Dagaa wa wapi hao? Wa kwangu wiki hii wamejaa mchanga, nimeosha maji manne bado unasagika kwenye meno.

Mleta uzi: Wa Kirumba, kuna mama anaanika juu ya chanja, sio chini.

mama_kijiko: Debe shilingi ngapi?