Balei huku Mbeya, inawezekana kweli?

KijanaWaUyole: Wakuu, mdogo wangu yuko form two kachanganyikiwa na balei, ile dansi ya kusimamia ncha za vidole, anajifunzia YouTube sebuleni kwenye saruji na soksi mbili maana baridi ya huku mnaijua, eti akikua anaanzisha kundi hapahapa Mbeya. Kuna mtu alishafanya hivyo mkoani au nimwambie asome tu?

DadaMafinga: Yupo, Dorothy Alexander wa Marekani, alianzisha kundi lake Atlanta 1929, na mwenyewe alikuwa mchezaji na mwalimu. Leo ndo Atlanta Ballet, bado lipo. 1956 makundi ya mikoani yakakutana hukohuko Atlanta kwa tamasha.

MzeeKihesa: Na Arthur Mitchell je? Mchezaji mweusi, aliingia kundi la New York City Ballet 1955, Martin Luther King alivyouawa 1968 akarudi mtaani kwao Harlem kufundisha watoto, 1969 likazaliwa kundi lake, Dance Theatre of Harlem. Walifundishia gereji. Gereji bana!

DadaMafinga: Ila mtoe kwenye saruji, magoti yatakwisha. Fundi ampigie mbao za paini juu ya papi ili ibonyee kidogo, kwenye shamba la miti la Sao Hill zimejaa.

KijanaWaUyole: Mbao sawa, kazi ni kumwambia mshua sebule inageuka jukwaa 😂