Dada wa kazi hakurudi tangu Krismasi na nyumba imenishinda. Wenzangu mnafanyaje?

MamaWatatu
Wakuu, habari za Jumapili. Mnivumilie uzi ni mrefu. Naandika nimekaa juu ya ndoo jikoni kwa sababu viti vyote vina nguo.

Tupo Mbezi ya Kimara, ndani kule kwenye barabara ya vumbi jekundu. Mimi na mume wangu wote tunafanya kazi mjini. Watoto watatu: darasa la tano, darasa la pili, na kitindamimba wa miaka mitatu anayeshinda chekechea ya jirani. Mama mkwe tunaye, ila magoti yanamsumbua. Dada tuliyekuwa naye alikwenda kwao Singida Krismasi, nikampa nauli ya kwenda na kurudi. Mpaka leo simu haipatikani.

Basi la shule linapita saa 11:40 alfajiri. Alhamisi saa 11:25 umeme umekatika, natafuta viatu vya huyu wa darasa la pili kwa tochi ya simu. Uvunguni hamna, nyuma ya mlango hamna. Kumbe mdogo wake jana yake kamwona kaka mtu anafua soksi, na yeye akaamua kufua viatu. Nimevikuta kwenye beseni vimejaa maji na sabuni ya unga mpaka kwenye vidole. Mtoto kapanda basi na kandambili. Niliporudi ndani nilikaa sakafuni nikalia, na wala sikuwa nalilia viatu.

Naamka saa 10. Narudi saa 2 usiku, napika, naosha vyombo, nalala saa 5. Maji yanatoka siku mbili tu kwa wiki, tena usiku, kwa hiyo siku hizo naamka saa 8 kufungulia tanki na kulisubiri lijae. Jumamosi nafua mpaka vidole vinachubuka, Jumapili napiga pasi. Dalali kaniletea wasichana wawili: wa kwanza alikaa siku nne, wa pili nilimwangalia tu nikajua ni mtoto, nikamrudisha.

Tafadhali msiniambie nishukuru nina familia, nashukuru. Nataka kujua mnafanyaje. Yanayoniua ni nguo, vyombo na chakula cha jioni.

KijanaWaGeto
Dada hamia geto. Sahani moja, kijiko kimoja, sufuria moja. Ukimaliza kula unaosha kwa sababu kesho huna pengine pa kulia.

BibiWaPangani
Mnamcheka huyu kijana lakini kasema neno. Mwanangu MamaWatatu, pole sana. Hebu nenda kabatini uhesabu vikombe na sahani, uje uniambie.

MamaWatatu
Shikamoo bibi. Nimehesabu. Vikombe 31, sahani 26, bila zile za kioo za wageni. Na sisi tupo sita.

BibiWaPangani
Marahaba mwanangu. Sasa umeona? Mtoto akitaka maji anachukua kikombe kipya, akitaka tena anachukua kingine. Wewe unarudi usiku unakuta sinki limejaa, unadhani una familia kubwa, kumbe una vikombe vingi. Chukua boksi, funga vyote, bakiza sahani sita na vikombe sita. Kila mtu awe na rangi yake. Mimi nililea saba, wa kwangu na wa ndugu, na kila mmoja alikuwa na bakuli lake la bati ambalo nilimtobolea alama kwa msumari pembeni. Bakuli chafu lilikuwa na mwenyewe. Hakuna wa kumsingizia.

Na nguo hivyo hivyo. Mtoto wa darasa la pili ana fulana ngapi?

MamaWatatu
Bibi hapo usiniulize 😂 Mitumba ya Jumapili imenimaliza.

MwalimuWaZamu
Mimi niulize lisiloulizwa. Hiyo saa 11:25, wewe na tochi mdomoni, baba watoto alikuwa wapi?

MamaWatatu
Anaoga. Lakini jamani nisimseme vibaya, ananisaidia sana nikimwambia.

MwalimuWaZamu
"Nikimwambia." Hapo ndipo pana kazi yenyewe. Kukumbuka kwamba viatu vinatakiwa viwe mlangoni tangu usiku ni kazi kuliko kuviweka. Sasa wewe unakumbuka mambo ya watu sita, halafu wanakusaidia mikono tu. Mimi na mke wangu tuligombana miaka miwili kuhusu hili mpaka tukaacha kusaidiana. Tukagawana. Mabegi, viatu, soksi na pesa ya shule ni vyangu, kuanzia kukumbuka hadi kukagua saa 3 usiku. Kikikosekana kitu asubuhi naulizwa mimi, mke wangu hata hageuki. Mwezi wa kwanza mtoto alikwenda bila daftari la Hisabati mara mbili. Mke wangu aliumia, lakini alinyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wenu mnashindwa.

ShemejiMpole
Mwalimu unatuchongea kwa wake zetu.

FundiBomba
Habari ya mjini. Mimi sina ushauri wa ndoa ila kuna kitu kimenisumbua hapo juu. Dada, unaamka saa 8 usiku kusubiri tanki lijae? Boya huna?

MamaWatatu
Boya ndiyo nini fundi? Tanki ni la lita 1,000, liko chini, kuna pampu ya kupandishia la juu. Bomba tumelichomeka kwa mpira.

FundiBomba
Sawasawa, ndiyo maana. Boya ni valvu inayofungwa ndani ya tanki pale maji yanapoingilia, ina mkono na kitu kama mpira unaoelea. Maji yakipanda, mpira unapanda nao, ukifika juu unafunga wenyewe. Yakishuka unafungua. Koki yako unaiacha wazi wiki nzima, maji yaje saa 8 au saa 10, wewe umelala. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye tanki la choo chako cha kuvuta, ila kikubwa. Mwambie fundi wa mtaani kwako atoboe tanki juu, afunge bomba gumu badala ya mpira. Nusu saa. Na afunike vizuri, tanki linalopitisha mwanga linaota ukijani ndani.

MamaWatatu
Miaka minne naamka usiku. Miaka minne!! Fundi Mungu akubariki.

WambuiWaEastlands
Sasa nyinyi watu wa Dar, kwani hamna mama fua? Huku Nairobi mimi siishi na msichana wa kazi tangu 2019. Niko na mama fua mmoja, huja Jumatano na Jumamosi, anafua, anapangusa nyumba, namlipa siku hiyo hiyo anaenda kwake kulea watoto wake. Hakuna mtu ananiachia simu imezimwa. Mwenye kukaa ndani unamlisha, unamlaza, unamlipa, na bado unaogopa kumkasirisha.

MamaJamhuri
Wapo hata huku, tunaita mdada wa kufua. Ulizia kwa jirani anayeaminika, usiokote njiani. Na umefanya vizuri kumrudisha yule mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri aliye chini ya miaka 14, na hata mwenye miaka 14 hutakiwi kumpa kazi itakayomharibia shule au afya. Halafu samahani, nikuulize kwa upendo: huyo wa Singida alikuwa na siku ya kupumzika?

MamaWatatu
Jumapili mchana baada ya kanisa. Kuanzia saa 8 hadi saa 12. Nikiandika hivi naona mwenyewe ilikuwa kidogo.

MamaJamhuri
Haya, tuje kwenye nguo. Usisubiri Jumamosi. Mashati ya shule yafuliwe jioni ile ile yanapovuliwa. Kola na mikono paka sabuni ya mche kabla hujaloweka, sugua kola kwa kola, dakika kumi zimeisha. Mtoto wa darasa la tano anaweza la kwake na la mdogo wake. Kisha, na hii ndiyo siri, usilikamue. Litundike kwenye henga likiwa linachuruzika, funga vifungo, nyoosha kola kwa mkono. Uzito wa maji unavuta mikunjo yote chini. Asubuhi unapiga pasi kola tu, na umeme ukikatika mtoto anakwenda hivyo hivyo na hakuna atakayejua.

Mwenye uwezo anunue mashine ya kufulia ya matanki mawili, ile unayojazia maji kwa ndoo. Za kisasa zinataka maji ya bomba yenye nguvu, kwa mgao wetu utaipamba sebuleni.

ChuiMstaafu
Kwa choo na sinki mimi nachanganya jiki na ile dawa kali ya kutoa kutu, pananukia balaa lakini panang'aa.

MuuguziWaKata
Mzee wangu ChuiMstaafu, shikamoo, acha leo hii. Jiki ikikutana na asidi, kama iliyomo kwenye hiyo dawa ya kutu, inatoa gesi ya klorini. Hiyo harufu ya balaa ndiyo yenyewe, inaunguza mapafu, na vyoo vyetu havina madirisha ya maana. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, siku nyingine tumia nyingine. Jiki na siki ni hivyo hivyo.

ChuiMstaafu
Marahaba. Ndiyo maana nilikuwa nakohoa, nikasingizia vumbi.

MamaNtilieMstaarabu
Nimechelewa ila chakula ni idara yangu. Unarudi saa 2 usiku halafu unabandika maharage? Watoto watakula saa 5 au watalala na chai. Ijumaa usiku loweka kilo mbili. Jumamosi asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa bila chumvi. Gawa kwenye makopo sita, gandisha. Siku hiyo hiyo kaanga vitunguu, nyanya, karoti na kitunguu saumu sufuria nzima, ikauke mpaka mafuta yajitenge, nayo igawe. Ukifika Jumanne unatoa kopo la maharage na la rojo, unaunganisha na tui. Ni muda wa wali kuiva tu.

Kisamvu kilichotwangwa kinagandishwa vizuri. Chapati zibabue upande na upande bila mafuta, weka karatasi katikati, gandisha, jioni unamalizia kwa mafuta. Mchicha usijaribu kuugandisha mbichi, utapata uji. Na friza isikae nusu tupu, jaza chupa za maji. Umeme ukikatika, iliyojaa inashika baridi muda mrefu kuliko tupu.

Halafu nani kakwambia kila usiku lazima wali na mboga tatu? Alhamisi kwangu ni viazi vitamu na chai ya maziwa. Hajafa mtu.

MwenyeNyumbaMbagala
Angalia na LUKU ya umeme lakini. Kama upo kwenye tarifu ya chini, ile ya wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, friza kubwa na pasi ya kila siku vitakutoa.

MamaWatatu *(wiki tatu baadaye)*
Nimerudi kutoa mrejesho, maana tunakimbiaga nyuzi zetu.

Boya limefungwa. Usiku wa kwanza niliamka saa 8 kwa mazoea, nikasimama dirishani nasikiliza maji yanaingia, kisha yakanyamaza yenyewe. Nikarudi kulala.

Vikombe 25 vipo kwenye boksi juu ya kabati. Mama mkwe alinuna siku mbili, akasema nimeifanya nyumba ya mwanawe kama bweni. Sasa ndiye polisi: amekaa mlangoni kwa jikoni na fimbo yake, hapiti mtu ameacha bakuli. Mtoto wa pili anaosha la kwake, la plastiki ya kijani, akiwa anaimba. Halitakati sana.

Dada wa kufua tumempata, anakuja Jumatano na Jumamosi, ana watoto wake wawili mtaa wa pili.

Mume wangu nilimwonyesha uzi, post ya Mwalimu nikaikuza maandishi. Alisoma, akaenda nje, akarudi baada ya saa nzima akasema viatu na mabegi ni vyake, na maharage ya Jumamosi pia. Wiki ya kwanza aliyaunguza. Alikuwa anaangalia mpira. Tulinunua mkate, nikanyamaza, Mwalimu utanilipa nini kwa ule ukimya. Wiki ya pili yaliiva. Kapigilia kipande cha ubao ukutani karibu na mlango, juu sana, kitindamimba hafiki, viatu vinakaa hapo.

Pasi bado. Na leo kuna jipya: shati jeupe la darasa la tano lina wino wa kalamu mfukoni, doa kama shilingi mia mbili. Kesho ni Jumatatu. Nimesugua na sabuni ya mche limetanuka. Nani anajua?

BibiWaPangani
Usisugue! Umeshasugua, haya. Tuma mtoto duka la dawa akalete spiriti na pamba. Weka kitambaa chakavu chini ya doa, lowesha pamba, gonga gonga, doa litashukia kwenye kitambaa. Hamisha kitambaa, gonga tena. Likififia ndiyo ufue. Ukimaliza tundika linachuruzika kama alivyosema mwenzio.

MwalimuWaZamu
Na mfuko wa shati ni wa idara ya nani hapo nyumbani?

MamaWatatu
Nimemwita. Ndiye anayegonga sasa hivi.