Trekta la marehemu baba limelala chini ya mkorosho tangu 2013, nianzie wapi?

Mwalimu wa Lindi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Marehemu baba ametuachia Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu. Lipo shambani kwetu Nachingwea, chini ya mkorosho, na halijawashwa tangu mwezi wa nane 2013. Tarehe naijua kwa sababu mzee alikuwa na daftari la trekta. Akibadilisha oili anaandika, akinunua filta anaandika, hata jirani aliyeazima spana namba 19 asirudishe yumo. Mstari wa mwisho unasema: "Limezimwa vizuri. Breki za tela mbovu." Baada ya hapo akaanza kuugua.

Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja mara mbili. Anataka kulipima kwa kilo kama dagaa. Kaka yangu amekubali, ninayeng'ang'ania ni mimi. Tumepatana hivi: likiunguruma kabla ya msimu wa korosho, linabaki. Lisipounguruma, mzani.

Hali yake ni hii. Eksozi imesimama juu na hakuna aliyekumbuka kuifunika kopo, kwa hiyo mvua zote hizo zimeingia, na nyigu wamejenga mdomoni. Nyaya zimeliwa na panya. Betri haipo (tusiulizane). Oili kwenye kijiti ipo, nyeusi, haina weupe wa maji. Dizeli niliyoitoa tankini ina rangi ya chai iliyolala, na inanuka kama rangi ya mlango. Nimeshika feni kwa mikono miwili nikaizungusha, injini haikutikisika.

Vijana wa kijijini wanasema tulifunge nyuma ya Fuso, tuweke gia ya tatu, tulivute. Moyo wangu unakataa ila sina hoja ya kiufundi. Naombeni hoja.

Fundi Dizeli Masasi

Mwalimu, moyo wako unajua ufundi. Usikubali livutwe. Kama pistoni imeshikwa na kutu ndani ya silinda, nguvu yote ya Fuso itaishia kwenye konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti. Ringi zitavunjika, konrodi itapinda, na hapo utauza kwa kilo kweli.

Halafu feni siyo kipimo. Inaendeshwa na mkanda, na mkanda mkavu kiasi hicho unateleza. Weka spana kwenye nati kubwa ya puli ya krankshafti, mbele chini. Sukuma polepole kwenda na kurudi. Ikigoma usiongeze bomba refu, acha.

Toa nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, lakini kwanza piga brashi pembeni yake mchanga usidondoke ndani. Hii Perkins tundu la nozeli linaenda moja kwa moja juu ya pistoni, ndiyo uzuri wake. Changanya dizeli safi na ile oili nyekundu ya stelingi, nusu kwa nusu, mimina kama nusu kikombe cha chai kila silinda. Funika kwa kitambaa. Subiri. Siku mbili tatu jaribu spana, ikigoma ongeza, subiri tena. Nimeshasubiri wiki tatu kwa trekta moja la Newala.

Wakati unasubiri fungua kifuniko cha tapeti, kile cha juu kabisa ya injini, uangalie valvu. Iliyoganda itabaki chini wakati wenzake wamepanda. Usiigonge kwa nyundo ya chuma.

Kijana wa Gereji

Mi naona anapoteza muda. Afungue silinda hedi, yaani kichwa cha injini, aone kwa macho, siku moja kazi imekwisha. Au amwage soda, soda inakula kutu vibaya mno.

Fundi Dizeli Masasi

Soda ni tindikali na sukari, mdogo wangu. Itakula kutu, kisha ikauke iwe gundi. Hedi sikatai, lakini ukiifungua unahitaji gasketi mpya, na boliti za zamani zinakatika. Fungua hedi ukishashindwa, siyo ukishachoka.

Mzee wa Mkwaya

Mwanangu, usiuze. Nachingwea imeshauza chuma cha kutosha. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947 walikuja na matrekta ya kila namna, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vya vitani vilivyogeuzwa kuwa matrekta, yakiitwa Shervick. Wakajenga na reli kutoka pwani. Mradi ulikufa 1951, reli nayo ikang'olewa baadaye. Kifaru kimeshindwa na udongo wa Nachingwea, hilo 135 la baba yako limelima miaka yote hiyo halafu likapimwe kama dagaa?

Mwalimu wa Lindi

Asante mzee wangu, nimemsomea kaka, amecheka tu.

Ripoti ya wiki ya kwanza. Nozeli mbili zilitoka vizuri, ya tatu ilichukua mchana mzima. Mchanganyiko nimemimina sawasawa, na kila jioni napima kwa njiti ya mshikaki nilivyokuwa nikipima mvua na watoto shuleni. Silinda ya kwanza na ya pili ziliisha siku ya pili. Ya tatu haikushuka hata alama moja kwa siku nne. Valvu ya eksozi ya silinda hiyohiyo imebaki chini.

Fundi Dizeli Masasi

Umeshampata mgonjwa. Lilizimwa valvu hiyo ikiwa wazi, maji ya eksozi yakateremkia humo. Mbili za mwanzo ringi zake zinapitisha mchanganyiko, hazijashikwa. Endelea na ya tatu peke yake. Valvu imwagilie oili shinani, igonge juu kwa mpini wa mti, kidogokidogo, mpaka irudi yenyewe.

Mwalimu wa Lindi

Siku ya tisa, saa kumi na mbili asubuhi, spana imesogea! Kama jino la mtoto: kidogo mbele, kidogo nyuma, na usaha wa kahawia ukapanda tunduni. Mchana limezunguka duara zima.

Fundi Dizeli Masasi

Hongera, ila usikimbilie stata. Yale uliyomimina yameshuka kwenye sampo, beseni la oili chini ya injini, kwa hiyo mwaga oili yote, weka mpya na filta mpya. Zungusha injini kwa stata nozeli zikiwa nje ili maji yaliyobaki yaruke, ukifunga nozeli juu ya maji utapinda konrodi ileile tuliyoiokoa na Fuso. Simama mbali na matundu. Nafasi ya tapeti weka milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Nozeli zipimwe kwa fundi mwenye mashine, msizijaribu kwa kiganja, dizeli ya nozeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini.

Tanki osha, filta za dizeli mpya, kisha toa upepo: kwanza kwenye filta, halafu skrubu za pampu, mwisho nati za nozeli. Kile kimkono cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tankini kikiwa laini, hakisukumi kitu, usiseme pampu mbovu. Zungusha injini duara moja, jaribu tena.

Na hili ni kubwa: dizeli ya zamani hugandisha kivalvu kinachopima mafuta ndani ya pampu ya CAV, ile kubwa inayolisha nozeli. Kikiganda wazi, injini inapandisha mwendo yenyewe na kuzima inakataa. Toa bomba la hewa, mtu asimame na ubao bapa tayari. Siyo kitambaa, kitamezwa.

Mwalimu wa Lindi

Jumamosi. Betri ya kuazima. Kimkono kilikuwa laini kweli, tukazungusha duara moja, kikashika. Stata ya kwanza, moshi mweupe. Ya pili, limekohoa, mavumbi ya nyigu yametoka eksozini kama baruti. Ya tatu limewaka, na halikusubiri mtu, limepanda, linapanda tu, kuku wote wametoka, mimi navuta kamba ya kuzimia na kamba imekuja mkononi, imeoza. Aliyeshika ubao ni kaka. Aliubandika akaulalia kwa kifua. Likazima.

Tulikaa chini kama dakika kumi hatusemi. Kisha kaka akaniuliza pampu inapelekwa wapi kuoshwa. Mnunuzi amepiga simu jioni, simu ameipokea yeye, nimesikia tu "hapana, hapana, linafanya kazi".

Nimeandika kwenye daftari chini ya mstari wa baba: "Limewaka. Limezimwa kwa ubao."

Sasa Fundi, zile breki za tela?

Fundi Dizeli Masasi

Pampu kwanza. Na usiliwashe mpaka irudi. Breki fungulia uzi mwingine.