Panya wa darini wametuzidi, nyumba ya mawe Mkomani: nitumie sumu au mitego?

BintiMkomani

Assalaam alaykum jamani.

Naomba ushauri, hasa kwa watu wa Amu (Lamu) na wowote wanaokaa kwenye nyumba za mawe za zamani. Tunaishi Mkomani, nyumba ya urithi ya ghorofa mbili, dari za boriti na juu kabisa paa la makuti. Ubavuni kuna wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia, linalotuunganisha na nyumba ya jirani.

Tangu masika yaanze panya wamehamia kwetu. Watu wakishalala ndipo wanapoanza: mbio juu ya dari, kimya kidogo, halafu kuguguna. Wametoboa gunia la mchele upande ulioegemea ukuta, mchele ukawa unamwagika nyuma bila sisi kujua. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nakuta kinyesi, vipande vyeusi vilivyochongoka ncha zote mbili. Juzi nimeona waya wa friji umegugunwa mpaka shaba iko wazi.

Nina mtoto anayetambaa na kila anachookota kinaishia mdomoni. Mama yangu ni mtu mzima na macho yake hayaoni vyema. Paka wa mtaa huingia na kutoka watakavyo. Jirani ananihimiza ninunue ile sumu ya unga inayouzwa kwa vipakiti visivyo na jina, niipake kwenye samaki, asubuhi niwe naokota tu. Mimi moyo unasita. Hata birika letu la maji, lile tangi la kujengwa, liko wazi, na nahofia panya akitapatapa ataangukia humo.

Mlioishi na jambo hili, mlifanyaje? Na haya matundu ya kuta za kale yanazibwa kwa nini?

MwanaLangoni

Dada usihangaike, ile ya unga ndiyo yenyewe. Sisi tulitumia, asubuhi tukawakuta wamelala ukumbini. Mtoto mpeleke kwa nyanyake siku mbili.

MuuguziPwani

Ndugu yangu MwanaLangoni, kwa heshima zote, huo ushauri usifuatwe na mwenye mtoto wala asiye na mtoto.

Kipakiti kisicho na jina hakuna ajuaye ndani mna nini. Humo huweza kutiwa dawa kali za wadudu wa shambani, zile zinazoshika mishipa ya fahamu. Panya akifa hapo hapo karibu na chambo, msifurahi: mtoto akilamba kidole chenye unga huo naye hatachukua muda. Na kumhamisha siku mbili hakusaidii kitu. Panya hubeba chambo na kukidondosha njiani, darini, nyuma ya kabati, na mtoto atakikuta wiki ijayo.

Sumu zilizosajiliwa, vile vibonge vya rangi vyenye lebo, nyingi huzuia damu isigande. Panya hula leo akafa baada ya siku 3 hadi 7, akiwa amejificha kwenye mwanya wa ukuta, na harufu mtaishi nayo. Paka akimla panya huyo mgonjwa, naye huweza kutokwa damu ndani kwa ndani. Angalau aina hiyo ina tiba hospitalini, vitamini K1. Zile tembe za kuhifadhia nafaka ghalani hazina tiba ya kuiondoa sumu yake mwilini: zikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, na gesi hupenya mpaka chumba cha jirani. Msithubutu kuziweka kwenye nyumba wanamolala watu.

Ikitokea mtu amekula sumu yoyote ya panya, msimtapishe, wala msipoteze muda kumtafutia maziwa. Mkimbizeni hospitali ya King Fahd, na pakiti yenyewe mkononi ili daktari ajue anapambana na nini.

Halafu ule waya wa friji: uchomoe leo, umwite fundi wa umeme. Waya ulio wazi chini ya dari ya boriti na makuti unanitia hofu kuliko panya wenyewe.

FundiChokaa

Wa alaykum salaam dada. Umetusaidia sana kueleza umbo la kinyesi. Kilichochongoka ncha mbili ni cha panya wa darini, yule mwembamba mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Huyo ni mpandaji. Panya mkubwa wa mitaroni kinyesi chake ni kinene na butu, na yeye hupenda kuchimba chini. Kwa hiyo usianze na sakafu, anza juu.

Chukua ngazi na tochi, mulika vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Mti wa mkoko ukizidi kukauka hunywea, chokaa iliyouzunguka inapukutika, panabaki mwanya. Mwanya unaoingia kidole gumba ni mlango wa panya. Unaoingia penseli ni mlango wa yule panya mdogo wa ndani. Tafuta pia weusi unaong'aa kidogo, kama masizi yaliyopakwa mafuta: hapo ndipo manyoya yao yanaposuguana na ukuta kila usiku. Weusi ukiuona, njia umeipata. Mimi huwa naanzia kwenye wikio, kisha panapopita bomba la choo, kisha matundu ya nyaya za umeme, kwa sababu mafundi wa nyaya hutoboa ukuta na kuondoka bila kuziba.

Kuhusu kuziba, tafadhali usikubali mtu akupakie simiti kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Kuta hizi zinapumua. Simiti hufungia unyevu ndani, chumvi inasukuma kutoka nyuma, plasta inabanduka na kipande cha jiwe, na baada ya misimu michache tundu ni kubwa kuliko lilivyokuwa. Povu la kupuliza nalo ni kazi bure, panya hulitafuna usiku mmoja. Shindilia kwanza wavu wa chuma ndani ya mwanya, kisha ufunike kwa chokaa na mchanga. Kwenye tundu dogo waya wa kusugulia sufuria unafaa, ila uwe wa aina isiyoshika kutu, maana hewa yetu ya bahari huula ule wa kawaida ukabaki vumbi.

Kazi hiyo haimsumbui mtu. Lakini kama utaona boriti zimeoza na dari inataka kufumuliwa, pita kwanza ofisi ya Makumbusho. Mji wetu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na nyumba hizi zina taratibu zake.

Na usizibe kila kitu kwa siku moja. Ukiwafungia ndani watakufa ukutani au watatoboa mahali papya. Tega kwanza, punguza, ziba zilizo nyingi, uache njia moja yenye mitego. Ukikaa usiku kadhaa bila mchakacho wala kinyesi kipya, ndipo ufunge na hiyo.

BiKizee_wa_Tundani

Mwanangu, pole. Hapo kwenye mitego nisikilize mimi.

Panya wa darini ni mwoga wa kitu kigeni. Ukiweka mtego leo ukaukaza leo, atauzunguka tu, na akiponea chupuchupu mara moja hataurudia. Weka mitego ile ya mbao yenye chuma, usiikaze, tia chambo juu, uache siku kadhaa ale azoee. Ukiona chambo kinaliwa kila usiku, siku hiyo kaza yote pamoja. Mtego mmoja si mtego. Nyumba ya ghorofa mbili nunua hata kumi na mbili.

Uweke ukikabili ukuta, kile kichwa cha chambo kiguse ukuta, maana panya hutembea kwa kuambaa. Chambo cha huku kwetu hakuna kishindacho ng'onda, samaki mkavu. Kipande kidogo, ukifunge na uzi kwenye kile kichuma ili asikinyakue akaenda zake. Nazi iliyobabuliwa motoni nayo huwavuta, ile harufu yake. Jibini za kwenye katuni waachie watoto.

Na kwa sababu ya huyo mjukuu wangu anayetambaa, mitego iwe juu: juu ya kabati, kwenye zidaka za juu, juu ya ukuta unaobeba boriti. Ya chini ifunike kwa kreti ya soda iliyopinduliwa, uweke jiwe juu yake. Panya ataingia kwenye matundu, mkono wa mtoto hautafika kwenye chuma.

Machicha ya nazi usiyalaze jikoni. Watu wanafunika wali wakaacha machicha kwenye beseni. Mtume (s.a.w.) alituhimiza tufunike vyombo tunapolala na tuzime taa, panya asije akavuta utambi akawateketezea watu nyumba. Usia huo tunao miaka yote, na jikoni bado hatuushiki.

DukaMalindi

Nauza nafaka hapa Malindi, kwa hivyo nazungumza kama mtu aliyelala na panya. Magunia yasiguse ukuta wala sakafu. Yainue juu ya mbao, uache nafasi ya mtu kupita nyuma na fagio. Ungeliona tundu la gunia siku ile ile. Kwa matumizi ya nyumbani, mchele na unga tia kwenye ndoo ngumu zenye mfuniko wa kubana au pipa la bati. Mfuko wa nailoni kwa panya ni kama haupo: meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, lazima atafune kitu.

Halafu msichelewe. Mimba ya panya ni wiki 3 tu, anazaa sita, saba, hata zaidi, na watoto hao wakifika miezi mitatu nao wanazaa. Ukisema nitashughulika baada ya mvua, utashughulika na ukoo mzima.

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa sauti ya kuwafukuza, hela yenu wekeni. Panya huizoea.

BintiMkomani

Mungu awalipe. Waya nimeshauchomoa na fundi anakuja kesho. Sumu nimeiondoa akilini kabisa.

Nimepanda na tochi, FundiChokaa. Weusi uko kwenye boriti mbili zilizo karibu na wikio, na kwenye kona ya choo. Nimeweza kuingiza kidole gumba na kukizungusha.

Nina maswali mengine. Hawa paka wote wa Amu, mbona hawatusaidii? Ile gundi ya kwenye kadi mnaionaje? Kinyesi nikiondoeje, maana nimezoea kufagia tu? Na jirani asipoziba upande wake wa wikio, si nitakuwa nafanya kazi ya bure?

MuuguziPwani

Usifagie kikavu. Vumbi lake huinuka ukalivuta. Fungua madirisha, vaa glovu, nyunyizia maji yaliyotiwa jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, kiloweshe kisawasawa, subiri dakika 5, ndipo uondoe kwa karatasi au kitambaa cha kutupa. Panya aliyekufa vivyo hivyo: mnyunyizie, mtie kwenye mifuko miwili, funga. Kisha mikono na sabuni.

Birika lifunike kwa wavu laini kwenye fremu ya mbao, samaki wako wa kula viluwiluwi vya mbu wataendelea kupata hewa. Mkojo wa panya huweza kubeba vijidudu vya leptospira, vinavyoingia kwa maji au kwenye mchubuko wa ngozi. Mtu wa nyumba yenye panya akipata homa kali, maumivu ya misuli ya miguu na macho mekundu, amwambie daktari kuhusu panya, asinyamaze akidhani ni malaria.

Gundi siipendi. Mnyama hukaa hai akijichuna ngozi usiku kucha, akikojoa kwa hofu. Ruhusa ya kumuua panya tunayo, ya kumtesa hatuna. Na mtoto wako ataishika.

BiKizee_wa_Tundani

Paka wetu wanakula vichwa vya samaki bandarini, mwanangu, na kwenye kila baraza kuna mtu anayewatupia. Paka aliyeshiba humkamata panya mdogo aliyezubaa. Panya mpevu anayekimbia juu ya boriti hamfuati. Wapende paka wako, uwape maji, lakini usiwategemee kwa kazi hii.

MzeeWaMtaa

Hilo la jirani ndilo kubwa. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, ukiisafisha yako peke yake panya watahamia kwake, na mitego yako ikipumzika watarudi. Nenda kwake na sahani ya kitu, umwoneshe boriti zenye weusi kwa tochi, usianze na lawama. Yeye aliyekushauri sumu ana panya vile vile. Tegeni wiki moja nyumba zote zinazopakana na wikio. Na hapo hapo zungumzeni habari ya taka: mtu akitoa taka jioni kwenye mfuko wa nailoni na mkokoteni wa punda unapita asubuhi, ametandika meza ya usiku kucha. Zikae ndani kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka asubuhi. Mtaro ulio mbele yenu uzibuliwe, wali ulioganda humo unalisha panya wa mitaroni, na hao mtahitaji kuwatega kivyao, chini.

FundiChokaa

Dada, kwa boriti mbili na kona ya choo hiyo ni kazi ya siku moja, chokaa iliyolowekwa vizuri haigharimu sana. Ukienda kununua wavu, sema matundu yasizidi milimita 6, na uwe wa chuma kilichotiwa zinki. Wavu wa kuku usiuchukue, panya mdogo hupita humo bila hata kupinda mbavu. Ule mlango wa mwisho wa kuziba uwe wa kwenye wikio, na uzibwe siku ile ile jirani anapoziba wake, nanyi mkiwa mmesimama pande mbili na tochi.